Kivinjari Kinapogoma: Kukifungua kwa Mstari wa Amri Bila Kung'oa Ulinzi Wake

Kivinjari kinapokataa kufunguka, au kinapofunguka na kubaki dirisha jeupe lisilo na kitu, mwenye kompyuta mara nyingi hupewa ushauri wa kuongeza neno fulani refu baada ya jina la programu, na kweli kivinjari hufunguka. Shida ni kwamba maneno hayo, yaani machaguo ya mstari wa amri, hayana uzito mmoja. Yapo yanayozima kitu kimoja tu ili ujue kama hicho ndicho chenye hitilafu, na yapo yanayoondoa ulinzi ambao kivinjari kilijengewa tangu mwanzo. Haya ya pili huponya dalili kama vile mlango uliokwama unavyoacha kukwama ukishautoa kwenye bawaba.

Maelezo yafuatayo yanahusu Firefox na Chrome, pamoja na Chromium ambayo ni ndugu ya Chrome, kwenye Windows na Linux. Chaguo lichukuliwe kuwa ni swali unalokiuliza kivinjari. Ukishapata jibu, rekebisha chanzo, kisha fungua kivinjari kwa njia ya kawaida bila chaguo lolote.

Chaguo limeandikwa, lakini hakuna kilichobadilika

Naanza na hili kwa sababu ndilo linalopoteza muda wa watu wengi, na kwa sababu usipolimaliza, majibu ya majaribio yote yanayofuata yatakuwa ya uongo.

Chanzo cha kwanza ni kwamba kivinjari tayari kinaendeshwa. Ukiandika amri wakati mchakato wa zamani bado uko hai, amri yako mpya hukabidhiwa kwa mchakato huo, nao hufungua dirisha jingine kwa mipangilio yake ileile ya awali na kulipuuza chaguo lako. Kwenye Linux, Chrome hukiri jambo hili waziwazi kwa kuandika kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, maneno "Opening in existing browser session." Kwenye Windows hakuna dalili ya namna hiyo, na kufunga madirisha yote hakutoshi, kwa kuwa Chrome ina mpangilio unaoiruhusu kuendelea kufanya kazi chinichini hata baada ya dirisha la mwisho kufungwa. Hakikisha kwa amri hizi, ya kwanza kwa Linux na ya pili kwa Windows:

pgrep -a chrome
tasklist /fi "imagename eq chrome.exe"

Orodha ikirudi na kitu, kivinjari hakijafungwa. Kifunge kikamilifu ndipo ujaribu tena.

Chanzo cha pili ni kistari. Machaguo ya Chrome huanza na vistari viwili vifupi vilivyofuatana. Ukinakili amri kutoka kwenye hati ya Word, vistari hivyo viwili huenda vimeshageuzwa kuwa kistari kimoja kirefu, ambacho kwa macho kinafanana sana na vile vya asili lakini kwa kompyuta ni herufi nyingine kabisa. Niliwahi kumaliza karibu saa nzima nikimlaumu kiendelezi (programu ndogo ya kukiongezea kivinjari uwezo) asiye na hatia kwa sababu hiyo. Tangu siku ile vistari huviandika kwa mkono wangu, hata kama sehemu nyingine yote ya amri nimeinakili.

Chanzo cha tatu ni alama za kunukuu. Kwenye njia ya mkato ya Windows, chaguo hukaa nje ya alama za kunukuu, likitanguliwa na nafasi moja:

"C:\Program Files\Google\Chrome\Application\chrome.exe" --disable-extensions

Ukiandika mstari huohuo kwenye PowerShell, lazima uutangulize kwa alama ya &, la sivyo PowerShell huuona kama maandishi tu na kukulalamikia. Njia rahisi zaidi ni kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha kuandika chrome --disable-extensions au firefox --safe-mode bila kutaja folda yoyote.

Chanzo cha nne ni cha watumiaji wa Linux, nacho ni cha hatari kuliko kinavyoonekana. Mtu anayetaka wasifu wa majaribio, yaani folda nyingine ya mipangilio na data za kivinjari, huandika --user-data-dir=~/jaribio akitarajia alama ya kiwimbi (~) igeuzwe kuwa folda yake ya nyumbani. Bash, programu inayosoma amri zako kwenye terminali, haifanyi hivyo pale kiwimbi kinapofuata alama ya usawa ndani ya chaguo la namna hii, kwa hiyo Chrome hutengeneza folda ambayo jina lake ni kiwimbi chenyewe, hapohapo ulipo. Baadaye mtu huyo huiona folda hiyo ya ajabu, huamua kuifuta kwa amri ya rm -r ~, na safari hii kiwimbi kinageuzwa kweli: kinachofutwa ni folda yake yote ya nyumbani. Tumia $HOME badala ya kiwimbi, na kama folda hiyo imeshazaliwa, ifute kupitia dirisha la mafaili kwa kutumia kipanya.

Ili kujua kama chaguo limepokewa, fungua chrome://version ndani ya Chrome. Huko kuna mstari unaoonyesha amri nzima iliyokifungua kivinjari, na mwingine unaoonyesha wasifu unaotumika uko folda gani. Kwenye Firefox, ukurasa wa about:profiles hutaja wasifu unaotumika kwa wakati huo.

Kivinjari kinafunguka na kuanguka, au kurasa haziishi kuzunguka

Washukiwa hapa ni watatu: kiendelezi, mipangilio au data iliyoharibika ndani ya wasifu, na kadi ya michoro. Firefox ina chaguo moja linalowagusa wawili kati yao kwa mkupuo:

firefox --safe-mode

Kuanzia toleo la 88, lililotoka mwaka 2021, hali hiyo ilibadilishwa jina ndani ya programu na kuitwa hali ya utatuzi, ingawa chaguo lenyewe limebaki na jina la zamani. Huzima viendelezi vyote, hurudisha mwonekano wa asili, huacha kutumia kadi ya michoro kuharakisha uchoraji wa kurasa, na huzima utaratibu unaoharakisha JavaScript. Kabla ya kufunguka hutokea kisanduku chenye vitufe viwili, na hapo ndipo pa kuwa makini: kimoja kinafungua tu, lakini kingine kinaifanya upya Firefox, yaani kinaondoa viendelezi na mipangilio yako huku kikibakiza alamisho na manenosiri. Anayetaka kupima tu achague cha kufungua.

Tatizo likitoweka katika hali hiyo, umejua kwamba kosa limo miongoni mwa vilivyozimwa, lakini hujajua ni kipi. Wengi hukimbilia kusema ni kiendelezi, na mara nyingi hupatia, ila ushahidi hautoshi. Fungua Firefox kwa kawaida, zima viendelezi pekee, na uone. Ikiwa tatizo limerudi ingawa viendelezi vimezimwa, elekeza macho kwenye kadi ya michoro.

Chrome haina chaguo moja la jumla la namna hiyo, jambo ambalo mimi naliona ni heri, kwa kuwa hukulazimisha kupima kitu kimoja baada ya kingine. Anza na --disable-extensions. Kivinjari kikitulia, fungua tena kwa kawaida, zima nusu ya viendelezi, upime, kisha uendelee kugawa nusu inayoshukiwa. Ukiwa na viendelezi 16, majaribio manne yanatosha kumpata mkosaji.

Usitumie dirisha fiche, yaani --incognito, kuwa ushahidi dhidi ya kiendelezi. Dirisha hilo huzima viendelezi ambavyo hukuviruhusu humo, lakini pia huanza bila vidakuzi vyako vya kawaida, yaani data ndogo ambazo tovuti huzihifadhi kwenye kivinjari. Tovuti ikifanya kazi ndani ya dirisha fiche na kugoma nje, mkosaji anaweza kuwa kidakuzi kilichopitwa na wakati, na utamfuta kiendelezi wako bure.

Ikiwa kivinjari kinaanguka hata viendelezi vikiwa vimezimwa, pima wasifu wenyewe kwa kufungua mwingine mtupu kando yake:

google-chrome --user-data-dir=$HOME/jaribio
firefox --new-instance --profile $HOME/jaribio-firefox

Nimechagua folda ya nyumbani na si /tmp kwa makusudi. Kwenye Ubuntu, kuanzia toleo la 22.04, Firefox huja ikiwa imefungwa ndani ya Snap, mfumo wa kufungasha na kutenga programu, na programu ya Snap ina /tmp yake ya pekee wala haisomi folda zilizofichwa za nyumbani kwako. Folda ya kawaida isiyoanza na nukta haina tatizo. Wasifu mtupu ukifanya kazi vizuri, wasifu wa zamani ndio ulioharibika. Kwa Firefox, funga kila kitu kisha nakili faili la places.sqlite, lenye alamisho na historia, pamoja na logins.json na key4.db kwenda kwenye wasifu mpya. Haya mawili ya mwisho yasafiri pamoja daima, kwa sababu la kwanza lina manenosiri yaliyofungwa na la pili lina ufunguo wake.

Wakati mwingine mtu hufungua wasifu wa majaribio, akaona alamisho zake zote hazipo, na akashtuka. Hazijapotea. Funga dirisha hilo, fungua kivinjari kwa ikoni ya kawaida, na utazikuta mahali pake.

Unaambiwa kwamba wasifu unatumika, na wewe hujafungua kitu

Chrome kwenye Linux huweka kiungo kiitwacho SingletonLock ndani ya folda ya wasifu. Kiungo hicho huelekeza kwenye jina la kompyuta likifuatwa na namba ya mchakato. Umeme ukikatika ghafla kiungo hubaki, lakini mara nyingi Chrome hugundua yenyewe kwamba mchakato ule haupo tena na kuendelea. Kinachoishinda ni jina la kompyuta kubadilika. Ukiibadilisha kompyuta jina, au ukinakili diski nzima kwenda mashine nyingine, Chrome huona kwamba wasifu umeshikwa na kompyuta nyingine ambayo haiwezi kuichunguza, na hukataa kufunguka. Tazama kiungo kinasema nini:

readlink ~/.config/google-chrome/SingletonLock

Jina likiwa la zamani, na pgrep ikithibitisha kwamba hakuna Chrome inayoendeshwa, kiungo hicho kinaweza kufutwa. Ikiwa folda ya nyumbani iko kwenye seva inayotumiwa na kompyuta nyingi, kwa mfano katika maabara ya chuo, uliza kwanza kama hujaacha kivinjari wazi kwenye mashine nyingine, kwa kuwa michakato miwili ikiandika kwenye wasifu mmoja huuharibu.

Firefox hutoa malalamiko ya aina hiyohiyo ikisema kwamba tayari inaendeshwa lakini haijibu. Mara nyingi ni mchakato uliokwama, nao ukiuawa mambo huisha. Chanzo kingine hakitajwi na ujumbe huo: folda ya wasifu haiandikiki. Hutokea pale mtu alipowahi kuandika sudo firefox siku moja kwa haraka, baadhi ya mafaili yakawa mali ya root, yaani mtumiaji mkuu wa mfumo, na kuanzia hapo mwenye wasifu hana ruhusa juu ya vitu vyake mwenyewe. Irudishe miliki kwa amri ya sudo chown -R $USER: ~/.mozilla, au folda ya ~/snap/firefox ikiwa unatumia Snap, na usikifungue tena kivinjari kwa sudo.

Dirisha jeupe, jeusi, au lenye michirizi

Pima kwa google-chrome --disable-gpu. Picha ikirudi, chanzo ni draiva, yaani programu inayoiendesha kadi ya michoro, na dawa ni kuisasisha. Mpaka draiva nzuri ipatikane, zima matumizi ya kadi hiyo ndani ya mipangilio ya mfumo ya Chrome ili usilazimike kubeba chaguo kila siku. Chaguo hili haliondoi ulinzi, ila gharama yake ni kichakataji kufanya kazi yote ya kuonyesha video, feni kupiga kelele na betri kuisha mapema.

Kwenye Linux inayotumia Wayland, mfumo wa kuonyesha madirisha uliokuja baada ya X11, jaribu pia --ozone-platform=x11 kwa Chrome, au MOZ_ENABLE_WAYLAND=0 kabla ya neno firefox. Firefox ilianza kutumia Wayland kwa chaguo-msingi kwenye toleo la 121, kwa hiyo tatizo lililoanza mara baada ya sasisho hilo lina sababu ya kushukiwa hapo.

Ujumbe wa "No usable sandbox!"

Hapa ndipo ushauri mbaya unaposambaa kuliko pengine popote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tangu ilipotoka mwaka 2008, Chrome imekuwa ikiendesha kurasa katika michakato iliyotengwa na kufungiwa ndani ya kizimba, ndiyo sandbox inayotajwa na ujumbe huo. Ukurasa unaweza kuwa na msimbo wa mtu mwenye nia mbaya, na msimbo huo ukifanikiwa kutumia dosari ya kivinjari, mdukuzi hujikuta ndani ya kizimba ambamo hawezi kusoma mafaili yako wala kuanzisha programu nyingine. Chaguo la --no-sandbox huondoa kizimba hicho. Kivinjari kinafunguka kweli, na juu ya dirisha hutokea utepe unaoonya kwamba uthabiti na usalama vitaathirika, utepe ambao watu huuzima bila kuusoma.

Ujumbe huu huonekana zaidi kwenye Ubuntu, hasa kuanzia toleo la 24.04, ambapo mfumo wa ulinzi uitwao AppArmor huzuia programu zisizo na idhini kuunda nafasi za majina za mtumiaji (user namespaces), njia ya Linux ya kutenga michakato, na kizimba cha Chromium kinazihitaji nafasi hizo. Chrome iliyosakinishwa kwa kifurushi rasmi cha .deb hukaa kwenye /opt/google/chrome, na Ubuntu ina kanuni ya AppArmor inayoitambua hapo. Chromium uliyoipakua ikiwa faili la zip, au iliyoletwa na zana ya kupimia tovuti kama Puppeteer, haina kanuni hiyo. Tiba yake basi ni kusakinisha kifurushi rasmi, au kuiandikia programu hiyo kanuni yake ndani ya /etc/apparmor.d. Kuzima kizuizi kwa mfumo mzima ni hatua pana mno kwa ajili ya programu moja.

Sababu nyingine ni kuendesha Chrome ukiwa root. Chrome hukataa waziwazi na kusema kwamba bila --no-sandbox jambo hilo haliungwi mkono. Kukataa huko ni kwa faida yako: mtumiaji mkuu asiye na kizimba ni hali mbaya kuliko zote, kwa sababu atakayeuvunja ukurasa mmoja ameipata kompyuta nzima. Tengeneza mtumiaji wa kawaida kwa adduser na uendeshe kivinjari kwa jina lake.

Wanaoendesha Chrome ndani ya kontena la Docker, yaani mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea programu, hukutana na jambo jingine linalochanganywa na hili. Vichupo huanguka kimoja baada ya kingine, na mtu huongeza --no-sandbox pamoja na machaguo mengine matano aliyoyakuta mahali pamoja. Mara nyingi chanzo ni /dev/shm, sehemu ya kumbukumbu inayotumiwa kwa pamoja na michakato, ambayo Docker huipa MB 64 tu isipoelekezwa vinginevyo. Chaguo la --disable-dev-shm-usage, au kuongeza ukubwa kwa --shm-size wakati wa kuanzisha kontena, hutatua hilo bila kukigusa kizimba. Ukikuta machaguo mengi yamebebwa pamoja, yaondoe moja moja uone ni lipi hasa lililokuwa likifanya kazi.

Kila tovuti inakataliwa kuwa si salama

Tovuti moja ikikataliwa, tatizo huenda ni la tovuti hiyo. Zikikataliwa zote, tatizo liko upande wako, na ushauri wa kutumia --ignore-certificate-errors unakutaka ufumbe macho palepale ambapo kivinjari kinakuonya. Ukiwa na chaguo hilo, mtu yeyote aliye katikati ya njia anaweza kujifanya benki yako na hutaona tofauti.

Tazama saa kwanza. Kompyuta ya mezani ya miaka mingi ina betri ndogo ya duara kwenye ubao mkuu, mara nyingi ya aina ya CR2032, inayotunza saa wakati umeme haupo. Ikifa, kila umeme unapokatika kompyuta huamka ikiwa na tarehe ya miaka mingi nyuma, na vyeti vyote vya tovuti, yaani hati zinazothibitisha utambulisho wake, huonekana kwamba muda wake bado haujaanza. Dalili ni kosa la NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Kurekebisha tarehe ni dawa ya siku moja. Kubadilisha betri ndiyo dawa yenyewe.

Kosa likiwa ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID, chunguza kama uko kwenye Wi-Fi ya hoteli au uwanja wa ndege inayotaka uingie kwanza kwenye ukurasa wake, au kama programu ya kuzuia virusi inakagua mawasiliano yako kwa cheti chake yenyewe. Na ikiwa Firefox ya zamani imezima viendelezi vyote kwa mara moja, fahamu kwamba cheti cha msingi kilichokuwa ndani yake kiliisha muda tarehe 14 Machi 2025. Matoleo ya kabla ya 128, au ya kabla ya 115.13 kwa tawi la ESR, lile la matoleo yanayohudumiwa kwa muda mrefu, hayana cheti mbadala. Hakuna chaguo la amri linalotibu hilo isipokuwa kusasisha.

Ukurasa usioujua unafunguka kila mara

Umebadilisha ukurasa wa mwanzo kwenye mipangilio mara tatu, nao unarudi. Bofya ikoni ya kivinjari kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa zake, na usome mstari wa lengo hadi mwisho. Programu hasidi huongeza anwani ya tovuti baada ya chrome.exe, na kwa kuwa anwani hiyo ni sehemu ya amri, mipangilio ya ndani haiwezi kuishinda. Futa kila kilichoandikwa baada ya alama ya mwisho ya kunukuu, kwenye eneo-kazi, kwenye menyu ya kuanzia na kwenye upau wa chini, kisha isake programu iliyoiandika.

Ukikuta humo --remote-debugging-port, na wewe si msanidi wa tovuti, lichukulie kwa uzito zaidi. Chaguo hilo hufungua lango ambalo programu nyingine inaweza kulitumia kukiongoza kivinjari na kuchota vidakuzi vinavyokutambulisha kwenye akaunti zako. Tangu toleo la 136, Chrome hulipuuza likielekezwa kwenye wasifu wa kawaida, na hulikubali tu likiambatana na --user-data-dir ya folda nyingine. Kwenye toleo la zamani kinga hiyo haipo. Toka kwenye akaunti zako zote ukitumia kifaa kingine, badilisha manenosiri ukiwa huko, ndipo urudi kuisafisha kompyuta hii.